Bülow aliyekufa Moshi na Bülow wa shamba la Tanga

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mashamba ya Wajerumani karibu na Tanga. Kwenye daftari langu nina von Bülow aliyeuawa Moshi mwaka 1892, kisha von Bülow anayesimamia shamba Tanga mwaka 1893. Kuna na wa tatu, chansela wa Ujerumani wakati wa Maji Maji. Nimekosea tarehe, au ni watu tofauti? Wote ni ukoo mmoja? Na kwenye bibliografia niwaweke chini ya V au B?

JIBU: Marahaba. Tarehe zako ziko sawa, maiti hajafufuka. Aliyekuponza ni Kiswahili chetu. Umeandika "Bülow alifika", "Bülow anasimamia", na hiyo "a" haisemi kama ni mume au mke. Wa Moshi ni Albrecht von Bülow, ofisa aliyekufa Juni 1892 katika mapigano na askari wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi. Wa Tanga ni dada yake, Frieda von Bülow, mwandishi wa riwaya. Alikuwa ameshafika Zanzibar mwaka 1887 kwa shughuli za uuguzi, akarudi kwao mwaka uliofuata. Nduguye alipokufa akaja tena, 1893, kushughulikia mali aliyoiacha. Riwaya zake zinaupigia ukoloni debe waziwazi, kwa hiyo ukizitumia kama ushahidi wa maisha ya shambani, zisome kwa jicho kali.

Kwenye nyaraka za Kijerumani kuna neno dogo litakalokuokoa. Ukoo huu una matawi yenye cheo cha ubaroni. Mwanamume anaandikwa Freiherr, mke wake Freifrau, na binti asiyeolewa Freiin. Frieda hakuolewa, kwa hiyo ni Freiin. Hapo hata kama jina la kwanza limefupishwa kuwa "F.", jinsia umeshaipata.

Sasa ukoo. "Von" maana yake "wa kutoka", na Bülow ni kijiji huko Mecklenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Ukoo unaonekana kwenye hati tangu karne ya 13. Ukitaka mfano wa kwetu, ni kama nisba ya Shirazi: jina linakuelekeza mahali, halikuambii huyu na yule wamekutana kwa babu gani. Ngao yao ni ya buluu yenye duara 14 za dhahabu, na ndege wa nembo yao ni yule wa manjano ambaye Wajerumani humwita Pirol. Mchekeshaji maarufu wa televisheni, Vicco von Bülow, alijiita Loriot, yaani jina la ndege huyohuyo kwa Kifaransa. Watazamaji wengi walimjua kwa jina la ndege kuliko la ukoo.

Chansela wako ni Bernhard von Bülow, aliyeshika madaraka 1900 hadi 1909. Ndiye aliyeliambia bunge mwaka 1897 kwamba Ujerumani nayo inadai mahali pake juani, yaani nayo ipate makoloni. Ni wa ukoo huo, lakini si wa nyumba moja na Frieda, na usijenge hoja ya kwamba shamba la Tanga lilikuwa na mjomba ikulu. Frieda alishaondoka Tanga kabla Bernhard hajawa chansela.

Wengine utakaokutana nao ni Hans, mpiga piano na kiongozi wa okestra aliyefia Cairo mwaka 1894, ambaye mkewe Cosima alimwacha akaolewa na mtunzi wa muziki Wagner, na Karl, jemadari wa Jeshi la Pili la Ujerumani mwaka 1914. Jihadhari na "Bülow von Dennewitz". Huyo ni jenerali wa Prussia aliyepigana Waterloo. Dennewitz si kwao, ni uwanja wa vita aliposhinda mwaka 1813, akapewa jina lake kama tuzo. Na Claus von Bülow, aliyeshtakiwa Marekani kwa kujaribu kumuua mkewe, akatiwa hatiani 1982 kisha akaachiwa 1985, alizaliwa Copenhagen akiitwa Borberg. Bülow ni jina la upande wa mama. Kwa hiyo usidhani kila jina limeshuka kwa baba.

Kuhusu V au B: kwa Wajerumani ni B. Andika "Bülow, Frieda von". Nilipoanza kazi ya katalogi niliwapanga wote chini ya V. Droo ile ikajaa hadi haifungi, na mkuu wangu akanifanya nizitoe kadi moja moja. Wiki nzima. Tangu 1919 sheria ya Ujerumani inahesabu "von" na vyeo kuwa sehemu ya jina la ukoo tu, bila haki yoyote ya kikabaila, lakini desturi ya kupanga kwa B imebaki. Austria wao waliifuta kabisa hiyo "von" mwaka huohuo.

Ukitafuta kwenye kompyuta, jaribu Bülow, Buelow na Bulow, kwa sababu mashine zisizo na vile vidoti viwili ziliandika "ue" au ziliviacha. Mbele ya msimamizi wako tamka "Byulo", w haisikiki. Na kwenye daftari, kila unaponakili kutoka Kijerumani, tangulia na Bw. au Bi. kabla ya jina.