Maziwa yangu yanaishia kwenye sinki

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni keshia wa duka la jumla hapa Dar, mwanangu ana miezi mitatu na nusu. Natoka Mbagala saa 12 asubuhi, narudi saa 1 usiku. Mapumziko ni nusu saa tu, ya chakula. Nakamua maziwa chooni nimesimama, wenzangu wanagonga mlango. Jana nimepata vidole viwili tu vya chupa. Nikiyafikisha nyumbani mama mkwe anayamwaga, anasema yamelala, yatamuumiza mtoto tumbo. Nianze tu maziwa ya kopo?*
*Mama Kifungua Mimba*

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama hapo chooni. Nami nilikamulia stoo miaka hiyo, nimeegemea maboksi ya karatasi, mguu mmoja umezuia mlango. Maziwa hayashuki kwa mtu anayesikilizia kitasa. Ukiwa na wasiwasi mwili unayabana, ukitulia yanaachia. Kwa hiyo vidole viwili vya jana havinipi picha ya maziwa uliyonayo.

Kopo tuliache kwanza. Maziwa unayo, muda ndio umenyimwa, na muda huo ni wako kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Na hiyo nusu saa ya chakula nayo ina kasoro: kifungu cha 23 kinampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60. Ndiyo, sheria inataja kunyonyesha, haitaji kukamua, na bosi mjanja anaweza kukushika hapo. Lakini mtoto yuko Mbagala, humwezi kumleta kaunta. Waajiri wengi humaliza jambo hili kwa kumruhusu mama aondoke mapema. Wewe omba mchanganyiko: nusu saa asubuhi, nusu saa alasiri, na kutoka saa moja kabla ya wenzako.

Usimfuate msimamizi foleni ikiwa imefika mlangoni. Mwahi asubuhi kabla droo za pesa hazijafunguliwa, na uwe umeshapanga na mwenzako atakayekaa kwenye mashine yako. Sema hivi: "Bosi, nanyonyesha. Naomba tupange zile saa mbili zangu za kisheria zisivuruge kaunta. Fulani amekubali kunishikia." Usilie wala usitishie. Mkishaongea, andika barua fupi ya ombi lako, baki na nakala. Akikataa, peleka nakala hiyo kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Mahali pia paombe hapohapo: ofisi ya mhasibu, stoo yenye komeo, popote pasipokuwa chooni.

Ukishapata chumba, nawa mikono, kaa chini, fungua video ya mwanao kwenye simu. Yasugue matiti taratibu. Kama huna pampu mkono unatosha: dole gumba juu ya duara jeusi, vidole chini yake, sukuma kuelekea kifuani kisha minya. Chuchu usiivute. Yakipungua upande mmoja hamia wa pili, kisha rudi. Na yakianza kuchuruzika ukiwa mbele ya mteja, kunja mikono kifuani ukandamize kidogo, yatatulia.

Joto la Dar si la kuchezea. Ule muda wa saa 4 unaotajwa wa kukaa mezani ni kwa chumba kisichozidi nyuzi 25, na chumba hicho sisi tunakisikia tu. Nunua kijideli kidogo, ndugu wa yale ya wauza barafu, na vipande vya barafu. Humo yatakaa hadi saa 24. Kwenye friji ni siku 4, nyuma kabisa, si mlangoni. Kuyapasha, weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe.

Sasa mama mkwe. Nadhani anaona utando wa mafuta juu, maji maji chini, anaamini yameharibika. Maziwa yakitulia hujitenga hivyo. Zungusha chupa polepole yarudi pamoja. Na yale ya kifuani hayalali, hata ukishinda kazini kutwa. Lakini usibishane naye jikoni, utashindwa hata ukiwa na haki. Siku ya kliniki mbebeshe mtoto yeye, muende wote, umwulize nesi swali hilo mbele yake. Akirudi nyumbani mwonyeshe kumnywesha kwa kikombe kidogo kisafi, mtoto akiwa ameketishwa wima. Nakuahidi wiki haitaisha kabla hajaanza kuwafundisha majirani.

Kuhusu kiasi: mtoto wa umri huo hunywa wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, yaani 30 hivi kwa saa. Kwa saa 13 zako unahitaji karibu 400. Kamua alfajiri akishanyonya, wakati ambao maziwa huwa mengi, mara mbili kazini, na Jumapili uongeze akiba. Usiku mwache anyonye atakavyo. Titi likiwa jekundu, linauma na homa imepanda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukishaongea na msimamizi niandikie. Akikataa, niletee maneno yake kama alivyoyasema.