Muuguzi Baada ya Mshtuko wa Moyo

Swali: Baba ameruhusiwa kutoka hospitalini baada ya mshtuko wa moyo, nasi tumeambiwa kuwa muuguzi ndiye atakayemfuatilia. Je, daktari amemwacha?

Jibu: La hasha. Muuguzi mratibu humpima shinikizo la damu, humwongoza katika mazoezi na kumrejesha kwa daktari panapotokea tatizo. Mpelekeeni vidonge vyenyewe avikague kimoja kimoja, kwani wagonjwa wengi huacha aspirini, inayozuia damu kuganda, au dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) pindi wanapojisikia nafuu, jambo la hatari mno, hasa kwa aliyewekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachouweka wazi mshipa wa moyo, ambamo damu inaweza kuganda. Mwelezeni hata huzuni ya mzee, maana huwapata wengi. Maumivu ya kifua yakirudi, msisubiri miadi, mkimbizeni hospitalini.