Gari lilelile, bima mara mbili: kwa nini Detroit ni ghali kuliko Grand Rapids na Maine?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Mimi na mume wangu tuliishi Grand Rapids, Michigan, tangu tufike Marekani. Mwaka jana tukahamia Detroit kufuata kazi yake. Gari ni Corolla ileile, dereva ni mimi yuleyule, sijagonga wala kugongwa, tiketi ya polisi sina. Bima imepanda karibu mara mbili. Nikampigia kaka yangu aliyeko Lewiston, Maine, mwenye gari jipya kuliko langu. Aliponitajia anacholipa nikadhani ananitania, maana hakifiki nusu ya changu. Kule Tanzania tulikata bima bila kuulizwa tunakaa mtaa gani. Kwa nini mahali tu pabadilishe bei kiasi hiki? Na kuna ubaya gani nikiandikisha gari kwa anwani ya kaka? (Msomaji, Detroit)

JIBU: Dada yangu, nianze na hicho cha Tanzania, kwa sababu ndicho kinachowachanganya wengi wanaoketi mbele ya meza yangu. Nyumbani bima kubwa ya gari binafsi hupigwa hesabu kwa thamani ya gari, kuanzia asilimia 3.5, na bima ndogo ina kiwango kimoja kilichopangwa. Gari la Masaki na la Songea, thamani zikilingana, nazo ada hukaribiana. Hapa Marekani, kabla ya kufika kwenye thamani ya gari, kampuni inataka kujua gari linalala wapi. Linalala, si linapofanya kazi mchana. Jibu la hapo linapanga bei mara mbili: kwanza kwa jimbo, kisha kwa mtaa. Kaka yako amekupita kwenye jimbo. Wewe mwenyewe, ulipotoka Grand Rapids, umejikwaa kwenye mtaa.

Tuanze na jimbo. Tangu sheria ya McCarran-Ferguson ya 1945, usimamizi wa bima nchini humu umeachwa mikononi mwa majimbo. Kila jimbo linaamua bima ya lazima iwe na nini ndani yake, mahakama zigawe vipi fidia, na kampuni iruhusiwe kuangalia nini inapopanga bei. California, kwa mfano, wapiga kura walipitisha Pendekezo 103 mwaka 1988, likalazimisha rekodi ya udereva, maili unazoendesha na miaka ya uzoefu vitangulie mbele ya vigezo vingine vyote. New Hampshire haimlazimishi dereva wa kawaida kuwa na bima hata kidogo. Kwa hiyo wewe na kaka yako hamjanunua kitu kimoja kwa bei mbili tofauti. Karatasi zenu zote mbili zimeandikwa bima ya gari, lakini ndani yake ni vitu viwili.

Chukua karatasi yako ya bima utafute herufi PIP, ile sehemu ya bima ya gari inayolipia matibabu ya majeruhi. Hapo ndipo pesa yako nyingi inakokwenda. Tangu mwaka 1973 Michigan ina mfumo ambao majeruhi hasubiri mahakama iamue nani alikosea: kila mtu anatibiwa na bima ya upande wake. Majimbo mengine kadhaa yana mfumo wa namna hiyo, ila Michigan ilikuwa peke yake katika jambo moja. Matibabu hayakuwa na kikomo, maisha yote. Mtu akivunjika uti wa mgongo akiwa na miaka 20, bima ya gari ingemlipia hospitali, kiti cha magurudumu, muuguzi wa nyumbani, hata marekebisho ya nyumba, mpaka siku yake ya mwisho duniani. New York, yenye mfumo unaofanana, inalazimisha dola 50,000 tu. Florida dola 10,000.

Ahadi kubwa namna hiyo lazima mtu ailipie. Kila gari lenye bima lilichangia mfuko wa pamoja wa majeruhi wakubwa, unaojulikana kama MCCA, na mwaka ulioishia Juni 2020 mchango huo peke yake ulikuwa dola 220 kwa gari. Halafu hakukuwa na orodha ya bei za matibabu. Hospitali ilipomtibu mzee mwenye Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ililipwa bei iliyopangwa na serikali. Ilipomtibu aliyepata ajali ya gari, jeraha lilelile, iliiletea bima ankara iliyozidi hiyo mara kadhaa. Nilishangaa jinsi hali hiyo ilivyodumu miaka mingi bila mtu kuifunga.

Ilifungwa mwaka 2019, Gavana Gretchen Whitmer aliposaini sheria mpya. Kuanzia Julai 2020 mwenye gari anachagua mwenyewe: matibabu yasiyo na kikomo, dola 500,000, au dola 250,000. Mwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, anaweza kushuka hadi 50,000, na mwenye Medicare kamili anaweza kujitoa kabisa, ilimradi wa nyumbani kwake nao wawe na bima inayokubalika. Mchango wa MCCA ulishuka hadi dola 100, na kuanzia Julai 2021 hospitali zikawekewa bei zinazofuata Medicare. Mwaka 2022 wenye magari walirudishiwa dola 400 kwa kila gari kutoka kwenye ziada ya mfuko. Bei zimepungua, ila Detroit imebaki miongoni mwa miji ghali kabisa nchini.

Sasa weka karatasi ya kaka yako kando ya yako. Maine inafuata mfumo wa zamani: aliyekosea ndiye anayelipa. Malipo ya matibabu yanayolazimishwa na sheria yao ni dola 2,000. Ndiyo, elfu mbili. Bima ya kuumiza wengine ni 50,000 kwa mtu mmoja na 100,000 kwa ajali moja, wakati Michigan kiwango unachopewa usipochagua kingine ni 250,000 na 500,000. Kaka yako akiteleza kwenye barafu akagonga mti peke yake, hana mkosaji wa kumdai, na bima ya gari ikishamaliza hizo elfu mbili (kama hakuongeza), kinachobaki ni bima yake ya afya. Kwa hiyo usimwonee wivu kupita kiasi. Sehemu ya unafuu wake ni kwamba amenunua kidogo.

Sehemu tu, lakini. Maine ingekuwa nafuu hata ikiuza kitu kilekile, kwa sababu watu ni wachache, miji ni midogo na wizi wa magari ni mdogo. Watu huniuliza: na theluji je? Theluji inaleta ajali nyingi, kweli, ila nyingi ni za mwendo wa polepole, za bampa na taa. Kinachofilisi kampuni ya bima ni majeruhi, mawakili na magari yaliyoibwa. Kule hata mnyama anahesabiwa: moose, aina ya paa mwenye mwili wa kumshinda ng'ombe, akikatiza barabara usiku anaangukia kwenye kioo cha mbele. Bado bei ni ndogo.

Tuje sasa kwenye mtaa, maana Grand Rapids na Detroit zinafuata sheria moja. Hapa ni hesabu tupu. Kampuni inagawa jimbo katika maeneo, na kwa kila eneo inauliza mambo mawili: kati ya magari tunayoyakinga hapa, mangapi yanaleta madai kwa mwaka, na dai moja linatugharimu kiasi gani? Chukua mfano wangu wa kufikirika. Eneo la kwanza magari 1,000 yanaleta madai 30, kila dai dola 4,000. Gawanya, kila gari libebe dola 120. Eneo la pili magari yaleyale 1,000 yanaleta madai 60 ya dola 5,000. Kila gari libebe 300. Madai yameongezeka mara mbili, gharama ya dai imeongezeka robo tu, lakini mzigo wa kila mtu umekuwa mara mbili na nusu. Wewe hukugonga mtu, sawa. Rekodi yako nzuri inakupa punguzo ndani ya eneo lako. Haikuhamishi eneo.

Kwa nini madai ya Detroit ni mengi na mazito? Msongamano, wizi, kesi nyingi za majeruhi, haya yanajulikana. Lipo lingine linalosemwa kidogo, nalo ndilo baya zaidi: magari yasiyo na bima. Kwa makadirio ya Baraza la Utafiti wa Bima la Marekani, mwaka 2019 asilimia 25.5 ya madereva wa Michigan hawakuwa na bima, jimbo la pili nchini baada ya Mississippi. Maine ilikuwa asilimia 4.9. Asiye na bima akisababisha hasara, hasara haiyeyuki. Inabebwa na mikataba ya wale waliolipa, yako ikiwemo. Ada inapanda, mwingine inamshinda anaacha kulipa, waliobaki wanapandishiwa tena. Ni mduara uliowatesa watu wa Detroit miaka mingi, na waliouanzisha si madereva peke yao. Ahadi isiyo na kikomo iliyowekwa juu ya mji wa kipato kidogo ilikuwa na mkono mkubwa.

Utasikia watu wakisema sheria ya 2019 ilikataza kupanga bei kwa zipukodi, zile namba za posta za kila eneo. Ni kweli, ilikataza. Ila iliruhusu kampuni zitumie maeneo zinazoyachora zenyewe, mradi yafuate sheria. Mlango umefungwa, dirisha limeachwa wazi, na bili yako ndiyo ushahidi.

Kuhusu anwani ya kaka: usifanye hivyo. Najua wapo wanaofanya, na wengine watakuambia mbona mimi nimefanya na sijapata shida. Shida haiji siku ya kulipa ada, inakuja siku ya ajali, pale kampuni inapotuma mtu wa kuchunguza. Atauliza unafanya kazi wapi, watoto wanasoma wapi, ataangalia gari limefanyiwa matengenezo mji gani. Akikuta gari linalala Detroit, kampuni inaweza kuufuta mkataba tangu siku ya kwanza, kana kwamba haukuwahi kuwepo. Na hapo Michigan ni kali kuliko unavyodhani: mwenye gari lisilo na bima akiumia ndani ya gari lake hapati matibabu ya PIP, wala hawezi kumdai aliyemgonga fidia ya maumivu, hata kama yule ndiye mkosaji. Isitoshe, kuendesha gari lako bila bima ni kosa la jinai lenye faini ya dola 200 hadi 500, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Badala yake, shughulika na PIP kabla mkataba haujaisha. Wengi waliofika hapa kama wakimbizi wana Medicaid lakini bado wanalipia kiwango cha juu, kwa sababu siku ya kukata bima hakuna aliyewauliza. Kama wewe una Medicaid, na mumeo na ndugu wanaoishi nanyi wana Medicaid, bima ya afya inayokubalika au PIP ya kwao, muulize wakala wako habari ya kile kiwango cha 50,000. Kama mna bima ya afya ya kazini, ulizeni kwa maandishi kama inalipia ajali za gari, kisha mlinganishe bei ya 250,000 na ya juu zaidi. Mimi binafsi, kwa mwenye watoto wadogo asiye na bima nzuri ya afya, sishauri kushuka chini ya 250,000 hata bei ikikuuma.

Angalia pia kama una ile wanayoiita PLPD pekee, yaani bima ya lazima tu bila nyongeza. Hiyo haitengenezi gari lako mwenyewe. Mtu akikugonga barabarani kwa kosa lake, unachoweza kumdai kwa ajili ya gari hakizidi dola 3,000. Kwa Corolla ya zamani inaweza kutosha. Kwa gari la mkopo haitoshi, na benki haitakubali.

Mwisho, omba bei kwa kampuni tatu au nne, na uwape zote viwango vilevile ili ulinganishe kwa haki. Kila kampuni imechora maeneo yake, kwa hiyo mstari unaokuweka upande wa ghali kwa kampuni moja unaweza kupita mtaa wa pili kwa kampuni nyingine. Na kama mnafikiria kuhama nyumba, ulizieni bei ya bima ya anwani mpya kabla ya kusaini mkataba wa pango.