Ukienda kumtunza Mtakatifu Antoni kule Boston, beba dola moja moja

Mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Antoni. Kwa hiyo nilipohamia Boston na kusikia Waitaliano wa mtaa wa North End wanamtembeza Antoni wao barabarani, nikajua ni yale yale: misa, tunazunguka kidogo, baraka, kisha nyumbani kwenye pilau. Nikavaa viatu vya kanisani.

Sanamu inatoka saa sita mchana, Jumapili ya wikiendi ya mwisho ya Agosti, na kurudi kwenye kikanisa chake mtaa wa Endicott kama saa nne usiku. Hesabu mwenyewe. Wanaume wanaibeba mabegani kwenye vichochoro vyembamba, na inasimama, inasimama tena. Saa nane mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara, viatu mkononi.

Basi usiifuate mwanzo hadi mwisho, hasa ukiwa na watoto. Ione ikitoka, nenda kale, rudi saa tatu usiku. Utamu uko pale inaporudi: karatasi za rangi zinamwagwa kutoka juu ya mapaa mpaka lami haionekani, na bendi nayo haichoki. Gari acha nyumbani. Shuka na treni Haymarket, utembee. Zile zeppole ni kalimati kubwa zilizomwagiwa sukari ya unga, kwa hiyo nguo nyeusi hapana.

Sasa pesa. Sanamu ina tepe ndefu zinazoning'inia, na noti zimebanwa juu yake kwa pini. Nilipoona hivyo nikasema, kumbe wanamtunza! Nikajitosa mbele huku nikiyumba kidogo, noti juu, kama ninayemwendea mwimbaji wa taarabu, nikitaka kuibandika mwenyewe. Mzee mmoja mwenye pini akanizuia kwa upole, akaipokea, akaibandika yeye, akanipa kikadi chenye picha ya mtakatifu. Huo ndio utaratibu: mpe mwenye pini. Noti yenyewe ilikuwa ya dola ishirini, sikuwa na nyingine, na chenji utamwombaje mtakatifu?

(Rafiki zangu walokole huniuliza kama huko si kuabudu sanamu. Tutazungumza siku nyingine, leo naongelea viatu.)

Nilimtumia mama video. Akajibu, "Mbona Antoni wetu wamempamba kama bibi harusi? Na sikukuu yake si tarehe 13 Juni?" Nikamweleza kwamba hawa walianza mwaka 1919, wahamiaji kutoka Montefalcione, karibu na Avellino huko Italia, na Agosti ndiyo desturi yao. Akanyamaza siku nzima. Kesho yake ikaja sauti ya WhatsApp: nikienda tena nimtolee dola moja na yeye, maana hereni yake moja ya dhahabu haionekani tangu Pasaka, na Antoni ndiye tunayemwomba vitu vikipotea.

Mwaka huu nakwenda na raba.