Mnara ukiwa karibu, simu hutumia nguvu kidogo

Umeuliza kama mnara mpya wa simu jirani na nyumba yenu unaifanya simu ya mama yako itoe mionzi zaidi. Hapana. Ni kinyume chake. Simu hupandisha na kushusha nguvu yake kila mara: mnara ukiwa karibu hunong'ona, ukiwa mbali hupiga kelele. Natengeneza simu hapa Mbale, na wateja wanaoteremka kutoka Mlima Elgon hulalamika kwamba chaji haikai. Mara nyingi betri ni nzima, ila kule juu netiweki ni mstari mmoja tu na simu inahangaika kuufikia mnara.

Kwa hiyo muwe waangalifu zaidi na simu iliyo sikioni. Netiweki ikiwa dhaifu, mama aweke spika au atume ujumbe. Hata sentimita chache kutoka kichwani zinapunguza sana mionzi. Piga *#07#, simu nyingi zitaonyesha kipimo cha SAR, yaani kiasi cha nguvu ya mionzi kinachonyonywa na mwili. Ulaya kikomo cha kichwani ni wati 2 kwa kilo.

Kuhusu saratani: mwaka 2011 wataalamu wa IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, waliiweka mionzi hii kwenye kundi la "huenda ikasababisha saratani", yaani ushahidi ni mdogo. Mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yakatoka 2024, hayakuona uhusiano na saratani ya ubongo.

Ila watoto wasipande mnara wala kukaa mbele ya antena zenyewe. Pale karibu kabisa nguvu ni kubwa kweli.