Mkono Hautosheki na Picha: Barua za Wasomaji Kuhusu Michezo ya Uhalisia Mchanganyiko

Miongoni mwa barua za mwezi huu zimo tatu zinazohusu miwani inayoweka picha za kompyuta ndani ya chumba cha kweli, jambo ambalo wataalamu, tangu makala ya Paul Milgram na Fumio Kishino ya mwaka 1994, wanaliita uhalisia mchanganyiko. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu inagusa mchezo wetu wenyewe.

Maalim, assalaam alaykum. Sisi ni vijana wa Chake Chake tunaosomea kompyuta. Tumetengeneza bao la kuchezwa kwa miwani ya uhalisia mchanganyiko: ubao unaonekana juu ya meza ya kweli, na kete za picha zinachotwa kwa vidole vitupu. Picha ni safi, lakini wazee wa barazani walipojaribu walisema kuwa hilo si bao. Tukinunua glavu za mguso, tatizo litaondoka?

Waalaykum salaam, wanangu. Wazee wenu wamesema kweli, na kasoro waliyoiona haimo katika picha. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64; kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na akiba ya 22, na tangu namua, sehemu ya kwanza ya kuingiza kete za akiba, mpaka mtaji, sehemu ya pili ya kucheza za ubaoni tu, mkono wake hauachi kuchota na kugawa. Mchezaji mzoefu anapozoa shimo, vidole humweleza kama amebeba chache au nyingi kabla jicho halijahesabu, na mlio wa kete ikigonga mti humthibitishia kuwa imeshuka. Mchezo wenu umemwondolea vyote hivyo, kisha ukamtaka acheze kwa kasi ileile.

Glavu hazitawarudishia mlichopoteza. Ziko zinazotetemesha ncha za vidole kwa mota ndogo, nazo hutoa habari kwamba umegusa kitu, lakini hazina la kusema juu ya umbo lake wala uzito wake. Ziko nyingine zinazovuta nyuzi ili vidole visiweze kukunjika zaidi, na hapo unahisi kweli kwamba umeshika kitu kigumu. Hata hivyo, kwa kuwa glavu yote imefungwa mkononi mwako na haikushikizwa popote chumbani, hakuna kinachouzuia mkono wenyewe kupita katikati ya meza ya picha. Tatizo jingine ni kasi. Jicho huridhika picha ikibadilishwa mara 90 kwa sekunde, ilhali mashine inayorudisha nguvu mkononi hutakiwa ifanye hesabu zake takriban mara 1,000 kwa sekunde, la sivyo kitu kigumu huhisiwa laini au huanza kutetemeka chenyewe. Kete ndogo inayoteleza kati ya vidole viwili ni mtihani mgumu kuliko yote, na mimi nisingewashauri mtumie fedha zenu huko.

Shikeni njia ya pili, ambayo naiamini kwa moyo wote: wekeni ubao wa kweli na kete za kweli, kisha picha iongeze kile ambacho mti hauwezi kukifanya. Utafiti unaiunga mkono njia hii. Mwaka 1964, Irvin Rock na Jack Victor waliwapa watu kipande cha mraba wakishike huku wakikitazama kupitia lenzi iliyokibana upande mmoja, na watu hao walieleza umbo waliloliona badala ya umbo walilolishika. Mwaka 2016, watafiti wa Microsoft na wenzao walikwenda mbali zaidi: walisogeza kidogo kidogo picha ya mkono wa mchezaji ndani ya miwani, hata mchemraba mmoja wa kweli ukatosha kusimama badala ya michemraba mitatu ya picha. Maana yake ni kwamba jicho linaweza kudanganywa kuhusu mahali na umbo, mradi mkono umepewa kitu halisi cha kushika.

Mtaniuliza kompyuta itajuaje hali ya mchezo. Kamera ya simu iliyotundikwa juu ya ubao itapata taabu kuhesabu kete zilizolaliana shimoni, na mkono wa mchezaji utaziziba kila mara, kwa hiyo msiitegemee ihesabu. Mwanzo wa mchezo unajulikana, na kete hugawiwa moja moja. Programu ikishajua shimo gani limewekewa kete au limechotwa na mkono umeelekea upande gani, itaweza kukokotoa yaliyobaki kwa kanuni za mchezo, isipokuwa pale mchezaji anapofika kwenye nyumba yake, yaani shimo lake kuu, akawa na hiari ya kusimama au kuendelea. Hapo kamera itazame tu kama mkono umeichota nyumba au umeondoka. Kuutambua ubao, bandikeni kwenye pembe zake alama za mraba mweusi na mweupe, mbinu iliyoenezwa na programu ya ARToolKit tangu mwaka 1999 na inayofanya kazi hata kwa simu ya bei ndogo, bila ya miwani yoyote.

Mkifika hapo, mtu wa Chake Chake ataweza kucheza na mtu wa Makunduchi, kila mmoja akiwa na bao lake. Msijaribu kuzifanya kete za mpinzani kuwa picha tupu, kwani kete zinazoliwa huhamia upande wa mlaji, na picha haiwezi kuhamia mkononi. Vitaa vidogo chini ya mashimo vionyeshe alivyocheza wa mbali, na mchezaji mwenyewe azihamishe kete zake. Warudishieni wazee jaribio la namna hiyo, nanyi mtazame mikono yao kabla ya kusikiliza maneno yao.

Maalim, nimeambiwa kuna mashine inayomfanya mtu ahisi kitu hewani bila ya kuvaa chochote. Lina ukweli? Msomaji, Wete.

Lina ukweli, ndugu yangu. Kampuni iliyoanzishwa Bristol, Uingereza, mwaka 2013, ambayo baadaye iliitwa Ultraleap, ilitengeneza sahani yenye spika ndogo nyingi zinazotoa mawimbi ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Spika hizo hupangiwa wakati ili mawimbi yakutane mahali pamoja juu ya kiganja, na kwa kuwa ngozi haiwezi kufuata mitetemo ya kasi hiyo, nguvu yake hupandishwa na kushushwa kiasi cha mara 200 kwa sekunde, karibu na pale ambapo mishipa ya hisia ya mitetemo ina wepesi mkubwa zaidi. Mtu huhisi kitu kama pumzi inayopulizwa kiganjani. Inafaa kwa kitufe cha hewani, lakini haizuii mkono wala haibebi uzito, kwa hiyo kete huwezi kuishika.

Maalim, shikamoo. Mwanangu wa miaka minane ameletewa na mjomba wake miwani ya Meta Quest kutoka Maskati, naye haiachi. Nimruhusu? Mama, Mwanakwerekwe.

Marahaba, mwanangu. Usimruhusu kwa sasa. Kampuni yenyewe inaruhusu akaunti ya mtoto kuanzia miaka 10 tu, tena kwa idhini na usimamizi wa mzazi. Ikiwa anachopenda ni kuona kitu cha kweli kikiingia ndani ya mchezo, mfano mwema ni Mario Kart Live, iliyotolewa na Nintendo mwaka 2020, ambamo kigari chenye kamera hukimbia sakafuni kwenu huku mtoto akikiendesha kwa kutazama skrini, na kigari hupunguza mwendo anapopigwa ndani ya mchezo. Macho yake hayafunikwi na chochote.

Kwa watu wazima wa nyumbani, hakikisheni wanaoivaa miwani hiyo wako mbali na ngazi na hawako chini ya feni la dari, kwani mchezo huwafanya wainue mikono ghafla. Mtu akianza kutoka jasho au kuhisi kichefuchefu, aivue wakati huohuo, kwa sababu macho yake yanaona mwendo ambao sikio la ndani halikuuhisi, na kuvumilia huzidisha. Mtoto akitimiza miaka kumi, mfungulie akaunti iliyo chini yako, na kila anapocheza ukae naye chumbani.