Kwa nini terahezi zitoke kwenye leza?

SWALI: Mimi ni fundi redio hapa Mwanga, Kigoma. Nasoma kwamba siku hizi mawimbi ya terahezi (ya gigahezi mamia hadi maelfu; terahezi moja ni gigahezi 1,000) yanatengenezwa kwa leza. Kwani saketi za kawaida zimeshindwa nini? Ukianza na gigahezi 10 ukazidisha mara 30, si unapata 300?
Fundi, Mwanga

JIBU: Hesabu yako iko sawa, fundi, na wapo wanaofanya hivyohivyo. Taabu ni kelele. Ukizidisha masafa mara 30, kuyumba kwa wimbi nako kunazidi mara 30, na nguvu ya kelele inapanda mara 900. Kubebea data nyingi kwa wimbi la namna hiyo ni kama fundi cherehani kupima kitambaa kwa tepu ya mpira.

Mimi nimekulia karibu na mwalo wa Kibirizi. Boti mbili zikiondoka sambamba, injini moja ikiizidi nyingine kidogo tu, husikii ngurumo mbili: unasikia moja inayovimba na kunywea, wuu... wuu... Huko kuvimba ndiko tofauti yao. Basi chukua leza mbili kama za mkongo wa intaneti, za terahezi 193 hivi, zipishane kwa gigahezi 300, uzielekeze pamoja kwenye fotodayodi (dayodi inayogeuza mwanga kuwa umeme) yenye kasi. Mwanga wenyewe ni wa haraka mno, dayodi haiufuati. Inafuata ile wuu-wuu tu, na umeme unaotoka unatetema mara bilioni 300 kwa sekunde.

Sasa leza mbili zisizojuana, kila moja inayumba kivyake. Kumbuka taa za wavuvi wa dagaa. Zikiwa kwenye mitumbwi miwili, kila wimbi likipita nafasi kati yake inabadilika. Zifunge kwenye boti moja: zinapanda na kushuka pamoja, nafasi iko palepale. Boti ya leza ni kipande kimoja cha kioo ambamo mwanga wa zote mbili unazunguka. Kioo kikitanuka kwa joto, zinahama pamoja, na tofauti yao haiguswi sana.

Halafu kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote. Leza hizo zitenganishwe mbali, tuseme terahezi 3, na katikati kiwekwe kichana cha mwanga: mistari ya rangi iliyoachana sawasawa, kila gigahezi 300. (Wanafizikia Hänsch na Hall walipata sehemu yao ya Nobel ya 2005 kwa kazi ya vichana hivi.) Nafasi 10 zinajaza pengo lote, ncha mbili za kichana zikifungwa kwenye leza hizo, na mistari miwili jirani ndiyo inayokupa gigahezi 300 zako. Pengo likiyumba, kila nafasi inapata moja ya kumi ya yumbo hilo, na nguvu ya kelele inashuka mara 100. Wewe unapanda ukiizidisha kelele, wenzako wanashuka wakiigawa.

Ila mvuke wa maji hewani unayameza mno masafa mengi ya terahezi, na sisi tumekaa kando ya ziwa. Ndani ya chumba kimoja, sawa. Kuwasalimu jamaa wa ng'ambo, Kongo, endelea na redio yako.